Hukumu ya Ulimi: Wazazi na Historia ya Watoto Wenye Sindromu ya Down

Katika jamii zetu mtoto hupimwa kwa ulimi kabla hajapimwa kwa jambo jingine lolote. Mgeni akiingia nyumbani humwuliza jina lake, naye asipojibu, swali la pili huelekezwa kwa mama: "Huyu haongei?" Akifikisha umri wa darasa la kwanza akiwa bado hasemi kwa ufasaha, si ajabu mzazi akaambiwa amrudishe nyumbani hadi atakapoanza kuongea. Watoto wenye sindromu ya Down ndio wanaoumizwa mapema na mizani hii, kwa kuwa karibu wote huchelewa kusema, na baadhi yao hufikia utu uzima wakiwa na maneno machache yanayoeleweka na mtu asiye wa nyumbani kwao.

Mizani hiyo ina historia, nayo ndiyo ninayotaka tuitazame. Hoja yangu ni hii: kwa miaka zaidi ya 100, madaktari, watunga sheria na walimu wa Ulaya na Marekani waliuchukulia ugumu wa kusema kuwa ndio ugumu wa kufikiri. Wakamnyima mtoto mafunzo, kisha wakautumia ujinga uliotokana na kunyimwa huko kama ushahidi kwamba hafundishiki. Mara nyingi walioukata mnyororo huo hawakuwa wenye vyeo. Walikuwa akina baba na akina mama waliokaa na watoto wao mezani, siku baada ya siku, wakagundua kwamba ndani ya ukimya ule mlikuwa na mtu anayeelewa.

Daktari wa Earlswood

Mwaka 1858 daktari wa Kiingereza aitwaye John Langdon Down aliteuliwa kuwa msimamizi wa makao ya Earlswood, huko Surrey, kusini mwa London. Yalikuwa makao ya watu ambao tiba na sheria ya wakati ule iliwaita mapunguani. Neno hilo halikuwa tusi la mtaani. Lilikuwa istilahi ya ofisini. Mwaka 1866 alichapisha makala fupi akijaribu kuwapanga wakazi wake kwa kufuata nadharia ya mbari iliyokuwa ikivuma Ulaya. Aliandika kwamba baadhi ya watoto hao wa Kizungu walikuwa na sura za Wamalei, wengine sura za Waafrika, na kundi kubwa zaidi sura za Wamongolia. Kundi hilo la mwisho ndilo tunalolifahamu leo kwa jina lake yeye mwenyewe.

Msomaji wa Kiafrika hana budi kutua hapa kidogo. Katika mpango ule, ulemavu wa akili wa mtoto wa Kizungu ulielezwa kuwa ni kuteremka kutoka mbari yake kwenda mbari nyingine, na hakuna anayeteremka isipokuwa kwenye ngazi ambayo wengine wamekwisha kuwekwa chini. Ni haki kuongeza kwamba Langdon Down aliitumia hoja yake kuutetea umoja wa wanadamu: ikiwa mtoto wa Kiingereza huweza kuzaliwa na sura ya Mmongolia, basi mbari si aina tofauti za viumbe. Nia ilikuwa njema, lakini ngazi ilibaki pale pale.

Makala ile ina jambo jingine, ambalo waliomfuata hawakulijali sana. Langdon Down alieleza kwamba kwa kawaida watoto hao huweza kusema, kwamba matamshi yao ni mazito na hayasikiki vizuri, na kwamba yanaweza kuimarishwa sana kwa mazoezi ya ulimi yenye mpango mzuri. Alipoondoka Earlswood mwaka 1868 alianzisha makao yake mwenyewe, Normansfield, na mwaka 1879 akafungua ndani yake ukumbi wa maigizo na muziki. Mwaka 1905 mmoja wa wajukuu zake alizaliwa na hali hiyo hiyo aliyoieleza babu yake.

Kwa hiyo mtu aliyewapa watoto hawa jina potofu ndiye pia aliyeandika mapema kwamba ndimi zao zinafundishika. Jina likadumu, mazoezi yakasahauliwa. Ilihitajika barua ya wanasayansi katika jarida la The Lancet, mwaka 1961, kupendekeza kwamba jina la "Umongolia" liachwe, na kisha ombi la wajumbe wa Mongolia kwa Shirika la Afya Duniani, mwaka 1965, ndipo jina hilo likaanza kuondoka katika maandishi rasmi.

Makao yasiyo na wa kumjibu mtoto

Karne ya 20 ilifungua mlango kwa nadharia ya kusafisha vizazi. Uingereza ilitunga sheria ya upungufu wa akili mwaka 1913, iliyoruhusu watu kutengwa katika makao maalumu. Nchini Marekani wazazi wengi walishauriwa na madaktari wamwache mtoto hospitalini, wasimzoee, wakazae mwingine. Ushauri huo ulitolewa kama huruma.

Tujiulize mtoto hujifunzaje kusema. Hujifunza kwa kusemeshwa na mtu anayemtazama usoni, anayesubiri jibu, na anayelipokea jibu hata likiwa sauti isiyo neno. Sasa mweke mtoto huyo katika wodi yenye vitanda vingi na wauguzi wachache. Makao ya Willowbrook, huko Staten Island katika jiji la New York, yalijengwa kwa ajili ya watu 4,000. Katikati ya miaka ya 1960 yalikuwa na zaidi ya 6,000. Mwaka 1972 kamera za televisheni zilipoingia, Wamarekani waliona watoto wasio na nguo wakiwa wamekaa sakafuni, katika vyumba ambamo hapakuwa na mtu wa kuzungumza nao. Mtaalamu aliyewapima watoto wa namna hiyo na kuandika kwamba hawana lugha aliandika kweli. Alichoacha kuandika ni nani aliyepaswa kuwapa lugha hiyo.

Ujerumani ilikwenda mbali zaidi. Tarehe 18 Agosti 1939 serikali ya Manazi ilitoa agizo la siri lililowataka wakunga na madaktari kuwaripoti watoto wachanga wenye ulemavu, na hali tunayoizungumzia ilitajwa kwa jina katika orodha. Walioripotiwa walipelekwa katika wodi maalumu, na wengi wakauawa kwa dawa au kwa njaa. Sambamba na mpango huo wa watoto, mpango mwingine uliwaua watu wenye ulemavu na wagonjwa wa akili zaidi ya 70,000 kwa gesi hadi mwaka 1941. Hawa walikuwa watu ambao wengi wao hawakuweza kujieleza mbele ya daktari, na daktari hakuwauliza.

Anne na baba yake

Katika miaka hiyo hiyo, familia moja ya Kifaransa iliishi kinyume na ushauri wa zama zake. Anne de Gaulle alizaliwa tarehe 1 Januari 1928 katika mji wa Trier, Ujerumani, ambako baba yake, Charles de Gaulle, alikuwa ofisa wa jeshi la Ufaransa. Alikuwa na sindromu ya Down, na maneno yake yalibaki machache mno maisha yake yote. Katika tabaka lao ilikuwa kawaida mtoto wa namna hiyo kufichwa katika taasisi. Charles na mkewe Yvonne walikataa. Walikwenda naye Beirut baba alipohamishiwa huko. Mwaka 1940 mama alivuka naye kwenda Uingereza wakati Ufaransa inaanguka.

Wanaosimulia maisha ya de Gaulle humwonyesha kama mtu mkavu, asiyekumbatia watu. Wanasimulia pia kwamba kwa Anne alikuwa mtu mwingine: alimwimbia, alicheza naye, alimpa hadithi, akamkalisha magotini. Hakumngoja aseme ndipo aanze kuzungumza naye. Mwaka 1945 Yvonne alianzisha wakfu wenye jina la binti yao, kwa ajili ya wasichana wenye ulemavu wa akili ambao familia zao hazikuwa na uwezo. Anne alifariki dunia mwezi Februari 1948, akiwa na miaka 20. Rais huyo wa Ufaransa alipofariki mwaka 1970 hakuzikwa katika makaburi ya mashujaa Paris. Alizikwa kijijini Colombey-les-Deux-Églises, kando ya binti yake.

Simpambi de Gaulle. Historia ya utawala wa Ufaransa barani Afrika inayo mengi ya kumwuliza. Namtaja kwa sababu Anne anatupa fundisho ambalo masimulizi ya mafanikio huliacha nje: wapo watoto ambao, pamoja na malezi mema kabisa, hawatapata maneno mengi. Mzazi wa mtoto huyo hakushindwa. Mawasiliano ni mapana kuliko usemi, na mtoto anayecheka baba yake anapoingia mlangoni amekwisha kusema jambo.

Waliofundisha waliokatazwa kufundishwa

Mwaka 1959, mjini Paris, Jérôme Lejeune, Marthe Gautier na Raymond Turpin walichapisha ugunduzi kwamba watu wenye sindromu hii wana kromosomu 47 badala ya 46, ya ziada ikiwa ile tunayoiita leo kromosomu ya 21. Gautier ndiye aliyeikuza seli katika maabara, ingawa sifa nyingi zilikwenda kwa Lejeune. Ugunduzi huo uliondoa lawama nyingi zilizowaangukia akina mama, wakidhaniwa kuwa na laana au maradhi ya aibu. Lakini haukumfundisha mtoto hata neno moja.

Kazi hiyo ilikuwa ikifanyika kwingine. Nchini Uingereza, Nigel Hunt, aliyezaliwa mwaka 1947 akiwa na sindromu ya Down, alihesabiwa na wataalamu kuwa hafundishiki. Mama yake, Grace, hakukubali. Alimfundisha mwenyewe kusoma, sauti kwa sauti, wakiwa nyumbani. Nigel akajifunza kutumia mashine ya kuchapia, na mwaka 1967 kitabu chake juu ya maisha yake, The World of Nigel Hunt, kikachapishwa. Wakati huo sheria ya England na Wales bado iliruhusu mtoto kutangazwa asiyefundishika na kuondolewa katika mfumo wa shule. Yaani kijana alikwisha kuandika kitabu katika nchi ambayo sheria yake ilisema watu wa hali yake hawana nafasi darasani. Sheria ya kuifuta kauli hiyo ilipitishwa mwaka 1970 na kuanza kutumika mwaka 1971. Marekani ilitunga sheria yake ya elimu kwa watoto wote wenye ulemavu mwaka 1975.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu wa tiba ya usemi aitwaye Margaret Walker, akifanya kazi na watu wazima viziwi wenye ulemavu wa akili katika hospitali moja ya Surrey, alichagua msamiati wa mahitaji ya kila siku na kuufundisha kwa ishara zilizoazimwa kutoka lugha ya alama ya Uingereza, huku maneno yenyewe yakitamkwa. Mfumo huo ukaitwa Makaton, na baadaye wazazi wengi wa watoto wenye sindromu ya Down wakautumia. Kisha, mwaka 1980, baba mmoja, Leslie Duffen, alimwandikia barua Sue Buckley, mhadhiri wa saikolojia huko Portsmouth. Alieleza kwamba binti yake Sarah, mwenye sindromu ya Down, alianza kusoma maneno kwenye kadi akiwa na miaka mitatu, na kwamba maneno aliyoyaona yameandikwa ndiyo yaliyoingia katika usemi wake. Mhadhiri huyo hakuitupa barua ya mtu asiye mtaalamu. Aliifanyia utafiti, na kutokana nayo likazaliwa tawi zima la elimu kuhusu kusoma kama njia ya kuingilia lugha.

Leo tunajua kwa nini wazazi hao walikuwa sahihi. Kwa kawaida mtoto mwenye sindromu ya Down huelewa mengi kuliko anayoweza kuyatamka. Misuli ya kinywa chake ni legevu, na njia za masikio yake ni nyembamba, hivyo majimaji hukusanyika mara kwa mara nyuma ya ngoma ya sikio na kumpunguzia usikivu bila yeyote kutambua. Neno analolisikia humponyoka upesi. Neno, picha au ishara anayoiona hukaa. Kwa hiyo mkono na jicho humsaidia pale sikio na ulimi vinapochelewa. Hofu ya wazazi wengi, kwamba mtoto akifundishwa ishara atakuwa mvivu wa kusema, haikuthibitishwa na utafiti. Ishara humpunguzia hasira ya kutoeleweka, na kwa wengi huachwa zenyewe kadiri maneno yanavyokuja.

Na sisi je?

Inakadiriwa kwamba duniani mtoto 1 kati ya takribani 1,000 huzaliwa na sindromu hii. Karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, na hiyo ilikuwa mojawapo ya sababu kubwa za wengi kufa wakiwa wachanga. Hapa Tanzania, tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianzishwe mwaka 2015, upasuaji wa moyo wa watoto si lazima tena uwe safari ya India. Hili ni jambo la kujivunia. Lakini mtoto aliyeokolewa moyo atarudi nyumbani, atakua, atataka maji, atataka kueleza kwamba tumbo linamuuma au kwamba kuna mtu amemdhuru. Atayasema kwa lugha gani, na nani amemfundisha?

Kisheria hatuna upungufu mkubwa. Tuliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2009, tukatunga Sheria ya Watu Wenye Ulemavu mwaka 2010. Ibara ya 2 ya mkataba huo haiyaoni mawasiliano kuwa ni usemi wa mdomo pekee. Inatambua maandishi, nukta nundu, alama, lugha nyepesi na njia nyingine mbadala. Kwa maneno mengine, mwalimu anayemwambia mzazi amrudishe mtoto hadi atakapoongea anamdai mtoto sharti ambalo sheria tuliyoiridhia haimdai.

Pengo letu liko katika utendaji. Wataalamu wa tiba ya usemi ni wachache mno, na wako mijini. Chuo cha Ualimu Patandi, kule Arusha, huandaa walimu wa elimu maalumu, lakini mtoto huyu hukutana kwanza na mwalimu wa kawaida, mwenye darasa lililofurika. Kufundisha kusoma katika darasa la kwanza na la pili huanzia kwenye sauti za herufi na silabi: ba, be, bi, bo, bu. Kwa Kiswahili, ambacho huandikwa kama kinavyotamkwa, njia hiyo ni nzuri kwa watoto wengi. Kwa mtoto ambaye sauti ndiyo humponyoka, kuanza na neno zima analoliona, likiwa kando ya picha yake, huweza kuwa mlango ulio wazi zaidi. Na kwa kuwa vitenzi vyetu hubadilika mwanzoni, "ninakula" leo na "tunakula" kesho, nadhani ni busara kuanza na maneno yasiyobadilika sura: mama, baba, maji, uji, dada. Walimu wa lugha na walimu wa elimu maalumu wangeweza kulichunguza jambo hili pamoja kwa Kiswahili chenyewe, badala ya kungoja vitabu vilivyotungwa kwa ajili ya Kiingereza.

Utamaduni wetu nao una hazina ambayo hatuitumii. Chukua salamu. Mtoto asiyetamka "shikamoo" huonekana hana adabu, na mama yake hutahayari mbele ya wakwe. Lakini neno lenyewe, kama linavyoelezwa mara nyingi, lilitokana na kitendo: nashika miguu yako. Ishara ilitangulia, neno likafuata. Mtoto anayeinamisha kichwa mbele ya bibi yake amekwisha kumwamkia, na bibi anayeitikia "marahaba" kwa sauti, akamwekea mkono kichwani, amempa somo la mazungumzo ambalo hakuna kliniki itakayolipita: umesema, nimesikia, nimekujibu.

Hayo hayaiondolei serikali wajibu wake. Upimaji wa usikivu unapaswa kuwa sehemu ya kliniki ya kila mtoto aliyezaliwa na hali hii, na urudiwe kila anapokua, maana mtoto asiyesikia vizuri hupewa kwa urahisi jina la mtoto asiyeelewa. Kila mwanafunzi wa ualimu, si wa elimu maalumu pekee, afundishwe misingi ya ishara na matumizi ya picha. Na maofisa wa elimu waache kuuchukulia usemi kama cheti cha kuingilia shuleni.

Kwa mzazi anayesoma haya akiwa na mtoto wa miaka minne ambaye bado hajamwita "mama", historia inasema kwamba wataalamu wamewahi kukosea kwa pamoja, kwa muda mrefu, na kwa maandishi rasmi. Haisemi kwamba mtoto wako ataandika kitabu kama Nigel, na atakayekuahidi hivyo anakudanganya. Inasema usingoje aseme ndipo uanze kumsemesha. Mwoneshe kikombe, litaje jina lake, fanya ishara ya kunywa, kisha nyamaza umtazame. Mpe muda mrefu kuliko unavyodhani anahitaji, na umwambie dada yake na bibi yake wafanye vivyo hivyo.